Wananiita Shujaa, Nami Najua Nilibahatika

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma hapa Dar es Salaam. Nilitumia unga, yaani heroini, kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza kwa kuvuta na baadaye kwa kujidunga, na katika miaka hiyo niliuza kila kilichouzika nyumbani, pamoja na cherehani ya marehemu mama. Leo nina karakana yangu, nina mke, na mtoto wetu ameanza kutembea. Kila asubuhi napita kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, kabla ya kufungua kazi, na tangu nilipozoea dawa hiyo sijagusa unga.

Kanisani kwetu wameandaa semina ya vijana, na nimeombwa nitoe ushuhuda. Mzee wa kanisa aliyenifuata alinisisitizia niwaeleze vijana kwamba kila kitu ni uamuzi, kwamba mimi niliamua nikaweza, na kwamba anayeshindwa ni yule ambaye hajataka. Niliitikia, lakini tangu siku hiyo sina amani, kwa sababu namkumbuka mwenzangu tuliyeanza dawa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyenishawishi twende kliniki. Siku ambazo hakuwa na nauli alitembea kwa miguu kutoka Mtoni, na ndiye aliyekuwa akinigombeza nilipochelewa. Baadaye baba yake alifariki kijijini, mbali na mji wowote wenye huduma hiyo, akaenda kuzika na kulazimika kubaki huko kwa shughuli za msiba na ugomvi wa mirathi. Arosto, yale maumivu ya mwili uliokosa dawa, ilimkuta huko huko. Aliporudi mjini alipitia kijiweni kabla ya kufika kliniki, na hakuamka tena. Mimi usiku huo nilikuwa nimelala kwa dada yangu, na nauli yangu ya asubuhi ilikuwa imewekwa chini ya chupa ya chai kama kawaida. Nikisimama mbele ya vijana na kusema kwamba niliweza kwa sababu niliamua, nitakuwa nimesema kwamba yule hakuamua.

Huyo dada naye tuna mgogoro. Alinipokea wakati ndugu wengine wamenifungia mlango, akanipa chumba Mbagala, mbali na kijiwe changu cha zamani, na akawa anaamka alfajiri kukaanga vitumbua ili nauli yangu ipatikane. Sijasahau hata moja. Lakini sasa kila tunapotofautiana, iwe ni juu ya jina la mtoto au mchango wa harusi ya binamu yetu, anayataja yote mbele ya mke wangu na kumalizia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nimefika mahali ambapo nikisikia tu habari za kushukuru nahisi nadaiwa deni lisilo na mwisho.

Mume wake naye huniambia kwamba sijaacha chochote, nimehama tu kutoka unga wa mtaani kwenda dawa ya serikali. Maneno hayo yamenichoma hadi nimeanza kufikiria kuacha methadoni kimyakimya kabla ya semina, ili angalau kiwepo kitu kimoja nilichokifanya kwa nguvu zangu mwenyewe, bila bahati wala msaada wa mtu. Nishauri, Shangazi. Je, kubadilika huku ni kwangu au nilibahatika tu? Na nitamshukuru vipi dada yangu bila kuwa mtumwa wake?

Fundi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mwenzio.

Nitaanza na jambo ulilolitaja mwisho, kwa sababu hilo halisubiri. Tafadhali usiache methadoni kimyakimya. Dawa hiyo, ikitolewa kwa kipimo kinachomfaa mtu, huzuia arosto kwa zaidi ya saa 24 na kupunguza hamu ya unga bila kumlewesha aliyeizoea, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Anayeikatisha ghafla hujiweka katika hatari mbili zinazofuatana: arosto humrudisha kwenye unga, na unga humkuta mwili umeshapoteza uzoefu wake, hivyo kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida kwake huweza kuzima pumzi akiwa usingizini. Kwa jinsi ulivyoeleza habari za mwenzio, naamini hicho ndicho kilichomwondoa. Hakurudi kwa uzembe, na wala hakutumia kwa pupa kuliko zamani; alirudi akiwa na mwili mwingine bila mtu wa kumwambia. Siku utakayotaka kuachana na dawa, wapo wataalamu wa kuipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi huku wakikuangalia, na hata hiyo si safari ya kuanzishwa kwa sababu ya maneno ya shemeji.

Shemeji yako analinganisha vitu visivyolingana. Unga ulikutuma kutafuta fedha kabla jua halijapanda na kukutuma tena jioni, na ulikufanya uuze cherehani ya mama yako. Unayekunywa dawa leo unafungua karakana, unapokea kazi, unamkabidhi mteja mlango wake siku mliyokubaliana, na mtoto wako anakula. Mtu anayeishi hivyo amebadilika, na haimlazimu kuongeza mateso ndipo mabadiliko yake yahesabiwe.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Ndiyo, mwanangu, ulibahatika, na ninakusifu kwa kuliona hilo wakati kila mtu anakuvisha taji. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Fikiri juu ya kijana wa umri wako wa leo aliyechoka na unga mwaka 2003 au 2005. Huenda alitaka kuacha kwa moyo wake wote, na alichopata ni kufungiwa chumbani, kufungwa kamba, kupelekwa shamba kwa wajomba, au kuombewa na kurudishwa kijiweni baada ya wiki mbili. Wengi wa vijana hao wamekufa, nasi tulipowazika tulinong'ona kwamba walishindwa kujirekebisha. Wewe uchovu wako ulikukuta katika miaka ambayo mlango umeshafunguliwa, tena katika mji wenye mlango huo, tena ukiwa na rafiki wa kukuvuta mkono na dada mwenye chumba cha ziada. Hukuuchagua mwaka wa kuzaliwa, na dada hukumchagua. Umeniambia pia kwamba ulijidunga kwa miaka, na unajua kuliko mimi ni wangapi katika kijiwe chenu waliopata Virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa sindano moja iliyopita mikononi mwa watu watano.

Lipo jambo lililotokea Marekani ambalo kila anayezungumza juu ya uamuzi na uraibu angepaswa kulijua. Mwaka 1971 serikali ya nchi hiyo ilishtushwa na habari kwamba askari wake wengi waliokuwa vitani Vietnam wanatumia heroini, na mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliorejea nyumbani mwezi Septemba mwaka huo. Kwa maelezo ya askari wenyewe, takriban mmoja kati ya watano alikuwa teja alipokuwa Vietnam. Wakati huo wengi waliamini kwamba aliyeingia kwenye heroini hatoki. Lakini katika mwaka wa kwanza nyumbani ni kama asilimia 5 tu ya mateja hao waliorudi kwenye uraibu, na ndani ya miaka 3 ni kama asilimia 12. Zipo sababu kadhaa, kwa mfano kwamba wengi wao walikuwa wakivuta badala ya kujidunga, na kwamba walipimwa mkojo kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege. Hata hivyo sababu inayotajwa sana ni kwamba walitoka mahali ambapo heroini ilikuwa rahisi na tele, penye hofu na uchovu wa vita, wakaingia mahali pengine kabisa, kwa wazazi, wachumba na kazi. Hakuna anayeweza kudai kwamba nia yao iligeuka kuwa chuma wakiwa angani. Mahali palibadilika, na watu wakapata nafasi ya kubadilika pamoja napo. Wewe Vietnam yako ilikuwa kile kijiwe, na ndege yako ilikuwa daladala ya Mbagala iliyokupeleka kwa dada.

Naomba lakini usitoke hapa ukidhani kwamba hukufanya kitu, maana huo nao ungekuwa uongo. Najua utaratibu wa kliniki zile. Mtu husimama kwenye foleni asubuhi, mvua ikinyesha au jua likiwaka, hufika dirishani, hupewa kikombe kidogo chenye dawa, huimeza mbele ya muuguzi, hunywa maji juu yake, kisha hutakiwa kusema neno moja ili ionekane kwamba hakubakiza dawa mdomoni. Kesho yake hurudi. Jumapili hurudi, na siku ya Krismasi hurudi. Dada yako aliweza kuweka nauli chini ya chupa ya chai, lakini hakuweza kukumezea dawa, na wapo waliopewa nauli kama hiyo wakashukia kituo kingine. Hicho ulichokifanya ni kazi, ni kazi kubwa, na ukikitaja hutakuwa unajisifu.

Ninachokukataza ni kukaa na mizani ukipima sehemu ipi ilikuwa juhudi na ipi ilikuwa bahati, kana kwamba ukijua utapewa stahili yako. Vitu hivyo viwili havikukujia kwa zamu. Ulipata nguvu ya kusimama kwenye foleni kwa sababu usiku ulilala mahali salama, na ulipata mahali salama pa kuendelea kulala kwa sababu ulisimama kwenye foleni hadi dada akaanza kukuamini. Bahati ina faida moja kwa anayeikubali: humwonyesha kinachomshikilia asianguke. Nimeshasoma barua nyingi za watu walioacha pombe, unga au kamari, na wanaonitia hofu ni wale wanaosema kwamba wameshinda kwa nia yao wenyewe. Hao ndio wanaopita kijiweni "kusalimia tu", wanaohama kwa ndugu mapema ili wasionekane tegemezi, wanaoona kliniki ni ya wanyonge. Wazo lako la kuacha dawa ili upate ushindi usio na msaada wa mtu limetoka kwenye mzizi huo huo, na halikuja kwa sababu wewe ni mtu mbaya. Lilikuja kwa sababu watu wamekufundisha kwamba ushindi uliosaidiwa ni nusu ushindi.

Anayejua kwamba alibahatika huuliza maswali mengine. Nikifiwa kijijini nitafanyaje na dawa? Dada akihama, au tukigombana kabisa, nani mwingine anajua habari zangu? Nikiumia mgongo nisiweze kuchomelea kwa miezi mitatu, nauli itatoka wapi? Mwenzio alianguka mahali hapo hapo, kwenye msiba ambao hakuna aliyeupangia, na njia mojawapo ya kumheshimu ni wewe kuuliza mapema, leo, kliniki yako inafanya nini mgonjwa wao anapolazimika kusafiri, na kumwambia mke wako jibu hilo ili siku ya simu ya msiba asianze kutafuta.

Kuhusu kushukuru, nitakuambia kwanza kinachojulikana. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambao ndani yake baadhi ya wanafunzi waliandika kila wiki, kwa takriban wiki 10, mambo machache wanayoyashukuru, wengine waliandika kero zao, na wengine mambo ya kawaida yaliyowapata. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao vizuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi juu ya wiki iliyokuwa mbele yao, na hata walifanya mazoezi ya mwili zaidi ya walioandika kero. Hawakuwa mateja, nami sitadai kwamba daftari la shukrani linatibu uraibu. Lakini ona walichoshukuru: walitazama kilichokuwepo tayari na kukitambua, bila mtu aliyesimama mlangoni akiwadai. Unachokiona kwa dada yako ni kitu kingine, ni deni, na mtu anayedaiwa humkwepa anayemdai hata kama anampenda. Ndiyo maana siku hizi unamkwepa, au sivyo?

Katika Injili ya Luka wamo wakoma kumi walioponywa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Wahubiri wengi huwasema vibaya wale tisa, na ni haki yao kusemwa. Mimi huwa nawaza jambo ambalo halihubiriwi sana: hakuna mahali palipoandikwa kwamba wale tisa walirudishiwa ukoma. Uponyaji wao haukuwa mkopo. Aliyerudi alirudi kwa hiari, na kwa kurudi akapata kitu ambacho wenzake hawakukipata, yaani kumtazama usoni aliyemponya.

Basi mtazame dada yako usoni. Nina shaka kama amewahi kushukuriwa sawasawa. Wanaume wengi humwambia ndugu "asante kwa yote" wakidhani wamemaliza, na aliyeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko la mkaa hajasikia popote kwamba mtu aliiona ile alfajiri. Chagua siku isiyo na ugomvi, uende pamoja na mke wako, na umtajie kimoja kimoja: chumba, godoro, vitumbua, nauli chini ya chupa, majirani waliomcheka kwamba amemweka mwizi ndani. Mtajie na cherehani, kwa sababu alikuwa mama yake pia, na huenda hilo ndilo linalomuuma chini ya yote bila kulisema. Usimpe sababu, usijitetee, na usiombe chochote siku hiyo. Nadhani pia ndani ya maneno yake makali kuna hofu. Mtu aliyekesha miaka akisubiri simu ya polisi au ya hospitali haachi kusubiri kwa sababu wewe umeoa, na anapokukumbusha ulikotoka huenda anajihakikishia mwenyewe kwamba bado unakukumbuka. Mwambie unaendeleaje kliniki hata kama hakuulizi.

Siku nyingine, tena iwe siku nyingine kabisa, umwambie kwa heshima kwamba yapo mambo yanayoamuliwa na wewe na mkeo, na jina la mtoto ni mojawapo. Mwombe pia asiyataje ya nyuma mbele ya mke wako wakati wa hasira. Akiwa na dukuduku akuite pembeni. Asipokubali, mtafuteni mtu mzima mnayemheshimu wote wawili akae nanyi. Kumkatalia jambo moja hakufuti ulichomshukuru juzi, nawe usikubali kuambiwa hivyo na mtu yeyote, hata mimi.

Bado lipo deni moja ambalo huwezi kumlipa mwenyewe, nalo ni la mwenzio. Yule alikuwa bahati yako kabla ya dada. Asingekushika mkono asubuhi ile, barua hii nisingeipata. Sikuambii uende kijiweni kuwaokoa waliobaki. Peke yako hapakufai, na wapo wahudumu waliopewa mafunzo ya kufika maskani. Unayo karakana, na kliniki yako ina vijana wanaokunywa dawa kila siku kisha wanakaa barazani hadi jioni kwa sababu hakuna anayewaamini na kazi. Waulize wauguzi kama yupo mmoja aliyetulia ambaye angefaa kushika brashi, kusaga kutu na kupaka rangi huku akijifunza. Mlipe kadiri ya kazi, na usimwambie kwamba umemsaidia.

Semina usiikimbie. Katika ukumbi ule atakuwepo msichana ambaye kaka yake yuko kijiweni, na akisikia kwamba anayeshindwa ni yule asiyetaka, ataenda nyumbani na kumfungia kaka mlango. Akisikia kwamba iko dawa, kwamba hutolewa bila malipo katika kliniki za serikali, kwamba anayeianza anahitaji nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumwuliza "leo umekwenda?", atakuwa na la kufanya Jumatatu. Waeleze uliyoyafanya wewe, ya foleni na kikombe, na waeleze uliyofanyiwa. Habari za mwenzio zitaje bila jina lake, na kwanza uwaombe ruhusa ndugu zake kama unawafahamu. Mpitishie mzee wa kanisa unachotaka kusema kabla ya siku yenyewe, asije akahisi umemgeuka jukwaani. Naye akisisitiza kwamba useme ni uamuzi peke yake, mwambie kwa adabu kwamba huwezi kusema hivyo kanisani, na amtafute msemaji mwingine.

Kabla ya hayo yote, kesho asubuhi ukishakunywa dawa, usikimbilie karakana. Mwombe muuguzi dakika chache, umweleze kwamba umekuwa ukiwaza kuacha na ni nani aliyekutia wazo hilo, kisha umwulize habari za safari. Ukishapata jibu niandikie tena, maana wapo wasomaji wengine wenye misiba mbali na mji ambao watalihitaji.